Pointi bila dakika: Kwa nini mwanavikapu wa Oyugis hana bei

Januari mwaka wa 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na shule za sekondari pevu nchini Kenya, na michezo ikawekwa safu moja na masomo yanayotarajiwa kumfungulia mtoto mlango wa ajira. Mkondo wa Sanaa na Michezo sasa umesimama kando ya ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, na ule wa Sayansi za Jamii. Mzazi aliyezoea kuambiwa kuwa mpira ni wa kupitishia jioni sasa anaelezwa kwamba mpira ni mtaala.

Jambo ambalo mtaala haujaligusa ni bei. Mwanafunzi akimaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028 akiwa hodari wa vikapu, ni nani atakayeweza kusema ana thamani gani, na kwa kipimo kipi?

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Oyugis. Mji huu ulioko kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Kisii, katika Kaunti ya Homa Bay, ndio makao ya Shule ya Upili ya Agoro Sare, ambayo imejijengea jina katika vikapu vya wavulana eneo la Nyanza na kuliwakilisha eneo hilo katika mashindano ya kitaifa. Vipaji vipo, na ushindani upo. Kinachokosekana ni maandishi ambayo mtu wa mbali, asiyewahi kukanyaga Oyugis, angeweza kuyasoma na kuelewa anachonunua.

Kila mechi rasmi ya vikapu huacha hati moja nyuma yake, nayo ni karatasi ya matokeo ya mfumo wa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu (FIBA). Mwandishi aliyeketi mezani hunakili kila pointi na nambari ya jezi ya aliyeifunga, makosa ya kila mchezaji hadi anapofikisha matano na kuondolewa, pamoja na mapumziko mafupi yaliyoombwa na makocha. Kando ya jina la mchezaji kuna kisanduku kidogo ambamo hutiwa alama ya X pindi anapoingia uwanjani. Walioanza mechi, X zao huzungushiwa duara. Basi. Aliyetoka benchi mapema na kucheza dakika 30, na aliyeingizwa zikiwa zimesalia sekunde 20, wote wawili wana X isiyo na duara.

Ribaundi, yaani kuudaka mpira uliogonga pete au ubao, hazimo katika karatasi hiyo. Hazimo pasi zinazozaa vikapu, wala mipira iliyopokonywa, wala mitupo iliyokosa kulenga. Na dakika, ambazo ndizo kizio cha hesabu nyingine zote, hazimo kabisa.

Athari zake huonekana wakati wa usajili. Mtu aliyetumwa na chuo kikuu au klabu hufika kwenye mashindano ya muhula wa kwanza, akatazama mechi mbili tatu, akauliza nani anaongoza kwa pointi, kisha akamkagua kijana kutoka utosini hadi unyayoni. Urefu na pointi ndivyo vitu viwili vinavyoonekana bila daftari, na aghalabu ndivyo vinavyolipiwa. Wakulima wa viazi vitamu wa Kabondo, mwendo mfupi kutoka Oyugis, wanaielewa vyema biashara ya namna hii. Anayeuza gunia lililofurika bila mizani humwachia mnunuzi kazi ya kukadiria uzito na kupanga bei pia.

Chukua mfano wa kubuni. Timu ya shule imeshinda kwa pointi 58 kwa 55. Mchezaji wa kwanza amefunga pointi 18 na uwanja mzima unaimba jina lake. Wa pili amefunga 9. Wa tatu amefunga 4, na baadhi ya mashabiki hawakumbuki kama alicheza. Kwa mujibu wa karatasi ya matokeo, mpangilio wa thamani yao ni huo huo na hauna mjadala.

Sasa ongeza dakika. Wa kwanza alicheza dakika 36. Wa pili alicheza 12 pekee. Vipimo hivyo vikisawazishwa kwa mechi kamili ya dakika 40, wa kwanza anafikisha pointi 20 ilhali wa pili anafikisha 30. Ongeza tena idadi ya mitupo. Wa kwanza alitupa mara 20 ili kupata pointi zake 18, yaani chini ya pointi moja kwa kila mtupo. Wa pili alitupa mara saba na kupata 9, takriban pointi 1.3 kwa kila mtupo. Shujaa wa uwanja aliitumia mali ya timu kwa wingi na kuirudishia faida ndogo.

Tafsiri ya haraka ingekuwa kumtoa wa kwanza na kumpa wa pili dakika 36. Hapo ndipo wengi wapendao takwimu huteleza. Huenda zile dakika 12 za mchezaji wa pili zilikuwa dhidi ya akiba ya wapinzani, au dhidi ya watu waliochoka robo ya mwisho. Huenda akipewa dakika 36 mapafu yatamwangusha kufikia ya 20, na mlinzi hodari wa upande wa pili ataanza kumfuata yeye. Kuzidisha ni kazi ya kalamu na hakumchoshi mtu. Kinachosemwa na hesabu hiyo ni kwamba kijana huyu anastahili kujaribiwa kwa dakika 20, na kwamba bila daftari hakuna ambaye angelijua hilo.

Kisha kuna yule wa tatu, mwenye pointi 4 katika dakika 30. Alikabidhiwa mfungaji bora wa wapinzani na kumkaba tangu mwanzo. Katika dakika alizokuwa uwanjani, timu yake iliwazidi wapinzani kwa pointi 9. Katika dakika 10 alizopumzishwa, ilizidiwa kwa 6. Tofauti ya mwisho ni zile pointi 3 za ushindi. Mechi moja haitoshi kuthibitisha kitu, kwa kuwa huenda alibahatika kuwa uwanjani pamoja na wenzake bora. Lakini mambo yakijirudia hivyo katika mechi 15 au 20, shule ina mchezaji wa thamani kubwa ambaye karatasi rasmi inamwita mtu wa pointi 4.

Marekani, ambako mchezo huu una fedha nyingi kuliko kwingine kote, haikuanza na hekima hiyo. Ligi iliyokuja kuwa NBA ilizinduliwa mwaka wa 1946, lakini haikuandika dakika za wachezaji hadi msimu wa 1951-52. Mipira iliyopokonywa na mitupo iliyozuiwa ilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973-74. Bill Russell, aliyeshinda mataji 11 na Boston Celtics na kustaafu mwaka wa 1969, aliogopwa kuliko yeyote kwa kuzuia mitupo, na katika vitabu rasmi vya ligi hana hata mtupo mmoja aliouzuia. Hesabu ya mchezaji akiwa uwanjani dhidi ya akiwa benchi ilichelewa zaidi, na ligi ilianza kuiweka wazi kwa umma msimu wa 2007-08.

Mwaka wa 2009 mwandishi Michael Lewis alichapisha katika jarida la gazeti la New York Times makala ndefu kuhusu Shane Battier wa Houston Rockets, mchezaji ambaye takwimu zake za kawaida zilikuwa za kadiri tu. Wasimamizi wa klabu hiyo chini ya Daryl Morey waligundua kwamba timu iliimarika kila alipokuwa uwanjani na kwamba nyota wa upinzani walidhoofika akiwakaba. Inafaa kukumbukwa kwamba Houston hawakulibaini hilo kwa kuzitupa takwimu na kurudi kwa jicho la kocha. Walilibaini kwa kuandika mambo mengi zaidi.

Kenya inao mfano wake, tena wa karibu. Madina Okot alipitia Shule ya Upili ya Kaya Tiwi, Kaunti ya Kwale, na Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Mississippi State nchini Marekani. Katika msimu wa 2024-25 alipata wastani wa pointi 11 na ribaundi karibu 10 kwa mechi. Shabiki wa Kenya aliyezoea kusikia mfungaji ametia 25 hatashtushwa na pointi 11. Kilichowashtua wenye kujua ni hizo ribaundi, katika mojawapo ya makundi magumu zaidi ya vyuo vya Marekani. Mwaka wa 2025 alihamia South Carolina, chini ya kocha Dawn Staley, ambayo ni miongoni mwa timu zenye nguvu zaidi katika vikapu vya wanawake vyuoni. Thamani yake ilikuwa wazi kwa yeyote, kwani kila mechi yake ilikuwa na ukurasa wa hesabu. Ribaundi hizo hizo angezidaka katika mashindano ya shule za Kenya, karatasi ya mezani isingekuwa na mahali pa kuziandika.

Hata huko, bei na malipo si kitu kimoja. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kunufaika kibiashara kwa majina na sura zao, na maafikiano ya kimahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025 yaliviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kiwango cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Lakini mwanafunzi wa kigeni aliyeingia kwa viza ya masomo anabanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kazi na mapato. Kijana anayeota kufuata njia hiyo anaweza kuwa na bei inayojulikana na bado asiweze kuipokea.

Tukirudi nyumbani, mshahara wa mwanavikapu kwa miaka mingi umekuwa barua ya ajira. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi na wachezaji wake ni wanajeshi. Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA) imedumisha timu za wanaume na wanawake mjini Mombasa. Benki ya Equity nayo imekuwa na timu ya wanawake yenye sifa. Vyuo vikuu kama USIU, Strathmore na Zetech hulipa kwa njia nyingine, yaani karo. Anayekejeli mfumo huu huwa hajapiga hesabu vizuri. Ajira ya namna hiyo huja na bima ya matibabu, malipo ya uzeeni, na dawati la kukalia magoti yanapokataa. Mwanavikapu hana miaka mingi ya kucheza. Mwajiriwa ana miaka 30 ya kufanya kazi.

Kasoro yake iko kwenye kipimo. Mwajiriwa hulipwa kwa daraja la kazi. Wachezaji wawili wa daraja moja hupokea mshahara ule ule hata kama mmoja hucheza dakika 34 kila mechi na mwenzake 4. Kwa mwajiri hilo si tatizo, na huenda linadumisha amani chumbani mwa kubadilishia jezi. Lakini soko zima linakosa kujua kazi ya dakika 34 inagharimu nini. Ndiyo maana mchezaji wa Kenya anapoitwa na klabu ya Kigali au Dar es Salaam na kuulizwa anataka kulipwa ngapi, hutaja kiasi alichosikia fulani analipwa.

Mambo yalianza kubadilika Nairobi City Thunder ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Twende Sports mwaka wa 2023. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya 2024, na mwaka wa 2025 ikawa ya kwanza kutoka Kenya kucheza Ligi ya Vikapu Barani Afrika (BAL), katika kundi la Nile mjini Kigali. Haikufika hatua ya mtoano, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. Kulikuwa na klabu ya Kenya iliyoendeshwa kama biashara ya vikapu, ambayo mchezaji angeweza kwenda kwake kuuza uchezaji wake na si utumishi wake.

Hapo ndipo hesabu ya dakika inapogeuka kuwa hesabu ya mkate. Mechi ya FIBA ina robo nne za dakika 10, na kila timu huwa na watu watano uwanjani. Muda wa nyongeza ukiwekwa kando, kocha ana dakika 200 za kugawa na hawezi kuzalisha nyingine. Zikigawiwa sawa kwa wachezaji 12, kila mmoja hupata dakika 16 na sekunde 40. Lakini kanuni za BAL huruhusu klabu kuwa na hadi wachezaji wanne wa kigeni, na hakuna anayelipa nauli na mshahara wa mgeni ili amkalishe benchi. Tuseme kila mgeni anacheza dakika 30. Hizo ni 120. Zinasalia 80 kwa wenyeji wanane, dakika 10 kila mmoja, kabla ya kocha kuanza kupendelea.

Ni rahisi kuwalaumu wageni, na wapo watakaofanya hivyo. Hata hivyo, inafaa kuuliza klabu huwapata vipi. Mchezaji aliyepitia chuo cha Marekani au ligi ya Ulaya huja na takwimu zake tangu akiwa na umri wa miaka 18: dakika, mitupo, ribaundi, mipira aliyopoteza. Meneja anaweza kuwalinganisha 50 wa namna hiyo kwa jioni moja bila kuondoka kwenye kiti chake. Kijana wa Oyugis huja na simu ya mwalimu wake anayeapa kwamba huyu ni moto wa kuotea mbali. Mwalimu huenda anasema kweli tupu. Lakini meneja mwenye bajeti ya kutetea mbele ya wawekezaji atachukua ukurasa na kuiacha simu.

Hasara basi ni ya aina mbili, na moja huzaa nyingine. Asiye na takwimu hapewi dakika, na asiyepewa dakika hatengenezi takwimu.

Hili linaufanya uamuzi wa kijana anayemaliza shule kuwa mgumu kuliko unavyoelezwa kwenye hafla za kutoa zawadi. Tuseme ana barua mbili. Ya kwanza ni ya chuo kikuu cha Nairobi chenye timu imara, kinachoahidi kumlipia karo, ambako katika mwaka wa kwanza atacheza dakika 4 kwa mechi. Ya pili inatoka kwa timu ndogo isiyo na fedha za kutaja, ya miji kama Kisumu au Eldoret, ambayo Lakeside na Eldonets zimekuwa zikiiwakilisha katika vikapu vya kitaifa. Huko atacheza dakika 28. Kwa msimu wa mechi 20, barua ya kwanza ina dakika 80, sawa na mechi mbili kamili. Ya pili ina dakika 560. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kumhukumu mchezaji kwa dakika 80 zilizotawanyika miezi kadhaa, nyingi zikiwa za mwisho mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa.

Kwa mtazamo wa vikapu pekee, barua ya pili inashinda. Lakini watakaoishi kwa vikapu ni wachache mno, na shahada haivunjiki kifundo cha mguu. Kwa vijana wengi wa Oyugis, karo iliyolipwa ndiyo mshahara mkubwa zaidi ambao mchezo huu utawahi kuwapa, na mzazi anayesisitiza barua ya kwanza hapaswi kuitwa adui wa kipaji. Anachopaswa kufanya ni kuisoma barua yenyewe. Je, karo italipwa hadi mwisho hata kijana akiumia? Na akiachwa nje ya kikosi mwaka wa pili? Chuo kikibadilisha kocha, ahadi inabaki ya chuo au iliondoka na kocha? Familia nyingi huuliza maswali haya muhula wa karo kutolipwa ukishafika.

Upo upinzani wa haki dhidi ya mkondo huu wa mawazo. Kocha mzoefu huona mambo ambayo hayaingii katika jedwali: kijana anayewatuliza wenzake, anayesikiliza, anayefika mazoezini mvua ikinyesha. Isitoshe, takwimu za shule zina uchafu wake. Mechi za ngazi ya kaunti ndogo zinaweza kumkutanisha bingwa na timu iliyoanza mazoezi wiki iliyotangulia, na pointi 30 za siku hiyo hazina maana. Suala la wachezaji waliopita umri nalo limekuwa donda katika michezo ya shule za Kenya kwa muda mrefu. Ribaundi 15 za mtu wa miaka 22 dhidi ya watoto wa miaka 16 ni ushahidi wa jambo jingine. Na dakika zenyewe hutolewa na binadamu. Kocha anaweza kumpa mtu dakika 35 kwa kuwa anastahili, au kwa kuwa mfadhili wa timu ni mjomba wake.

Lakini yote hayo ni hoja za kuandika zaidi, kwa kuwa pointi 30 dhidi ya timu dhaifu hudanganya pale tu jina la mpinzani linapoachwa nje. Pointi zikiandikwa pamoja na tarehe, mpinzani, matokeo, dakika na mitupo, msomaji atajitengea mwenyewe punje na makapi. Jicho la kocha nalo hupata mshahidi. Akidai kwamba kijana wa pointi 4 ndiye uti wa mgongo wa timu, hatahitaji kuapa.

Gharama si kisingizio. Mashindano makubwa ya FIBA hutumia programu maalumu iitwayo LiveStats, ila shule haihitaji kuanzia huko. Wanafunzi wawili wenye kalamu, saa na daftari la mistari wanatosha: mmoja akitaja kwa sauti, mwenzake akiandika. Mmoja wa tatu akishika simu na kurekodi mechi, makosa ya wale wawili yatasahihishwa jioni. Mkondo wa Sanaa na Michezo unatafuta kazi za vitendo za kuwapa wanafunzi wake, na kazi hii inafundisha wastani, asilimia na uaminifu kwa pamoja. Wapo pia vijana wasio na urefu wala kasi ambao wangejikuta na nafasi katika mchezo wanaoupenda. Klabu zinazoendeshwa kibiashara huhitaji wachanganuzi, na nafasi hiyo haiangalii kimo.

Kwa wachache watakaofika kwenye mkataba, takwimu hugeuka kuwa vifungu. Malipo ya ziada yanaweza kufungwa kwenye idadi ya mechi au ribaundi badala ya ahadi ya mdomo. Anayesaini nje ya nchi anafaa kumtumia wakala mwenye leseni ya FIBA, na ahakikishe mkataba una kifungu kinachopeleka migogoro mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Vikapu (BAT), chombo kinachosikiza kesi za mishahara isiyolipwa. Bila kifungu hicho, mchezaji aliyeachwa bila malipo ugenini hawezi kuifikia BAT, na husalia kubisha kwenye mahakama za nchi ya wenyewe.

Mkupuo wa mwisho wa wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 utafanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027, mwaka mmoja kabla ya wale wa Gredi ya 10 kukamilisha safari yao. Baina ya sasa na wakati huo kutakuwa na mashindano ya muhula wa kwanza, ngazi baada ya ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi taifa. Baada ya kila mechi, kanuni zinataka karatasi halisi ya matokeo ibaki kwa waandalizi na nakala zikabidhiwe timu zote mbili. Shule yenye kabati na faili inaweza kuanza na nakala hizo, ikiongeza safu moja kwa kalamu ya mkono upande wa kulia wa zile X: dakika.